Vyombo vya jikoni na safari ya ng'ambo: maswali yenu

Harusi za baada ya mfungo zimekwisha, mabiharusi wanafunga mabegi, na barua za wiki hii karibu zote zinauliza jambo moja: kipi kiende, kipi kibaki.

Assalamu alaikum, bibi. Nimeolewa mwezi uliopita na mume wangu yuko Muscat. Nimetunzwa maikrowevu, masufuria, na mama amenipa blenda. Anasema niondoke navyo vyote. Je, vitafanya kazi kule? (Biharusi, Langoni, Lamu)

Waalaikum salaam mwanangu, Mungu awajaalie heri. Kwa umeme huna shida. Oman wanatumia volti 240 na hezi 50 (hezi, au Hz, ni mizunguko ya umeme kwa sekunde) kama sisi, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya mraba. Ukichomeka, inawaka.

Shida ni njia. Kutoka Lamu unavuka kwa boti hadi uwanja wa ndege wa Manda, au hadi Mokowe ukapande basi, na mzigo unashushwa na kupakiwa tena mara kadhaa kabla hujatoka Kenya. Maikrowevu ina sahani ya kioo, na mlango wake ukipinda hata kidogo haufungi sawasawa. Isiyofunga sawasawa haifai kuwashwa. Iache, Muscat zinauzwa tele. Masufuria chukua mawili, moja ndani ya jingine, nguo zijae katikati. Blenda ya mama ichukue. Ni nyepesi, na mama atafurahi ukimpigia simu na kumwambia leo umesagia pilipili ndani yake.

Niko Barani, Malindi. Mke wangu yuko Minneapolis na viza yangu imetoka. Nina birika la umeme, pasi na blenda ya wati 500. Rafiki ananiambia ninunue adapta tu, basi. Ni kweli?

Si kweli, kaka, na ningependa rafiki yako asome hapa. Adapta inabadilisha umbo la plagi ili iingie kwenye tundu la kule. Umeme wenyewe haiugusi. Marekani ni volti 120 na hezi 60, yaani nusu ya volti zetu.

Pindua blenda uangalie kibandiko chini. Ukikuta 220–240V, 50Hz, chombo hicho ni cha huku. Ukikuta 100–240V, 50/60Hz, kama ilivyo kwenye chaja nyingi za simu, chukua bila wasiwasi, hapo adapta inatosha. Vyombo vya jikoni vinavyouzwa kwetu ni vichache mno vyenye maandishi hayo ya pili.

Sasa birika. Chombo cha kupasha kikipewa nusu ya volti hakitoi nusu ya moto, kinatoa robo. Birika la wati 2,000 litakuwa na wati 500 hivi, na chai ya asubuhi utaingoja mpaka uchoke. Pasi ni vivyo hivyo. Utaambiwa ununue transfoma ya kupandisha volti. Lakini tundu la kawaida la ukutani Marekani, ampea 15 kwa volti 120, mwisho wake ni wati 1,800, kwa hiyo birika lako limeshalipita. Kwa blenda transfoma ingewezekana, ila mota huvuta umeme mwingi inapoanza kuzunguka, kwa hiyo utahitaji transfoma kubwa kuliko wati za blenda, na dude hilo ni zito kuliko blenda yenyewe. Wape jamaa vyote vitatu. Vipya utavipata Minneapolis siku ya kwanza.

Na wale mnaorudi nyumbani kutoka Marekani na vyombo vya volti 120, hatari yenu ni kubwa zaidi. Chombo cha kule kikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu kinaungua papo hapo.

Tunahamia Bologna, kwao mume wangu. Nataka masufuria yangu, chuma cha chapati na chuma cha vitumbua. Nyumba ina jiko la kioo. (Mama wa watoto wawili, Malindi)

Dada, kwanza muulize mume wako hilo jiko la kioo ni la aina gani. Kama ni induksheni, lile linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, sufuria zetu za alumini hazitapata moto kabisa. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji, uiguse kwenye kitako cha kila chombo. Ikinata, chombo kitafaa. Isiponata, kiache. Chuma cha chapati kikiwa chuma kweli kitanata. Cha vitumbua kitazame kitako: kikiwa bapa, sawa, kikiwa na uvungu au miguu, hakitakaa kwenye kioo. Na usiviburute, utakwaruza kioo cha watu.

Jambo jingine ambalo wageni wa Italia hawaambiwi: nyumba nyingi kule zina mkataba wa umeme wa kilowati 3. Ukiwasha oveni na birika kwa pamoja, mita inakata nyumba nzima. Mkaribishe wifi kwa mahamri, lakini chemsha chai kwanza.

Mbuzi ya kukunia nazi itapita uwanja wa ndege? Naenda Birmingham. (Shela, Lamu)

Itapita, na hongera kwa kuifikiria. Kwenye swali hili nina msimamo: kilo za begi ni za vitu kama hivi. Birika lipo kila duka la Uingereza, mbuzi iliyokukaa sawa utaitafuta sana.

Ikunje, ulimi wake uuvike kipande cha mpira wa ndara kisha uufunge kwa kitambaa kizito, ili mkaguzi asijikate. Iwekwe kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, kamwe si la mkononi. Kabla ya hapo isugue na uianike juani mpaka chicha zote zilizojificha kwenye maungio zitoke, na uikague kama ina tundu za wadudu. Kifumbu nacho kiende kikiwa kikavu kabisa. Kinu kiache, uzito wake ni wa bure, viungo vitasagwa kwa mashine. Uingereza umeme wao ni volti 230, hezi 50, na plagi ni yetu hii hii.

Nimepata kazi ya nyumbani Jeddah. Nichukue jiko langu dogo la umeme?

Hapana, binti yangu. Jiko utakalopikia kule Saudia ni la mwajiri. Kilo zako ziwe za nguo na dawa zako. Nakala ya mkataba na ya pasipoti ziache kwa mtu wa nyumbani unayemwamini.

Friji yangu naiacha Lamu miaka miwili, nyumba itafungwa. Niifunike vipi?

Usiifunike, mpe mtu aitumie. Hewa ya bahari haingoji mwenye nyumba arudi, na kutu huanzia nyuma, kwenye mabomba. Kama hakuna wa kumpa, ichomoe siku mbili kabla, barafu iyeyuke yote, ioshe kwa maji ya siki, iachwe ikauke. Mlango uuache wazi kwa kukaza kipande cha mti, maana ukiufunga utakuta ukungu na mpira umegandana. Fundi akija kuihamisha, isimame wima. Ikilazwa, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa.