Nyuma ya gari kuteleza ukishusha gia

Umeuliza kwa nini nyuma inateleza ukishusha gia huku unafunga breki kuingia kona. Ukiachia klachi, injini inazunguka polepole kuliko gia mpya inavyotaka, kwa hiyo magurudumu ndiyo yanayoburuta injini ipande. Kama gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, hayo tayari yamepungukiwa uzito kwa sababu ya breki, na hapo yanaachia barabara.

Tuseme gia ya nne ina uwiano (injini inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja unaotoka kwenye gia) wa 1.0 na ya tatu 1.3. Injini ikiwa kwenye mizunguko 4000 kwa dakika katika gia ya nne, ya tatu inahitaji 5200. Hiyo tofauti ya 1200 uijaze wewe kwa kupiga resi kidogo (kugusa mafuta) klachi ikiwa chini, kisha uachie.

Ili kufanya hivyo huku unafunga breki, kuna mbinu ya kisigino na kidole (heel-and-toe): ni hiyohiyo, ila mguu wa kulia hautoki kwenye breki. Jina linapotosha: wengi hukanyaga breki kwa unyayo wa mbele, na ukingo wa nje wa mguu ndio unaogusa mafuta. Ugumu ni kutobadilisha nguvu ya breki unapopiga resi. Na usijaribu ukifunga breki kidogo tu, maana pedali ya breki inabaki juu sana ya ile ya mafuta. Anza na resi peke yake, bila breki, kwenye barabara tupu iliyonyooka, hadi gari lisishtuke kabisa.