Shilingi nane ndani ya bajeti nzima: maswali yenu kuhusu muoni

Toleo lililopita niliwagusia habari ya muoni, chembe ndogo mno inayofanana na elektroni ila ni nzito zaidi, na ya watu wanaojenga vigunduzi huko Uswisi ili kuisubiri ifanye jambo ambalo haijawahi kuonekana ikilifanya. Nilidhani mtalipita kimya. Kumbe mmeandika kuliko siku ile niliyozungumzia kukatika kwa umeme. Nimechagua haya machache.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, PCM, hapa Ilala. Uliandika kwamba muoni "inaoza". Inaoza kama embe? Na huo uozo adimu ni upi?

Marahaba mwanangu. Neno hilo nimelirithi tu, na kusema kweli silipendi. Embe huoza kidogo kidogo: leo limeiva, kesho linalainika, keshokutwa limejaa nzi. Muoni haizeeki. Iliyozaliwa sasa hivi na ile iliyokwisha kuishi sana zina uwezekano ule ule wa kuvunjika punde ijayo. Ukiwa nazo nyingi, wastani wa maisha yake ni mikrosekunde 2.2, yaani ukiikata sekunde vipande milioni, muoni inaishi vipande viwili na kidogo.

Muoni ni kaka mkubwa wa elektroni. Chaji yao ni moja, ila muoni ina uzito wa mara 207 hivi. Ikivunjika hugeuka elektroni moja na nyutrino mbili, yaani chembe nyepesi mno zisizo na chaji. Hizo nyutrino msizidharau, maana ndizo zinazotunza hesabu ya ukoo: moja inaondoka na "umuoni" wa marehemu, nyingine inasawazisha "uelektroni" wa mtoto aliyezaliwa. Kinachosakwa ni muoni igeuke elektroni na fotoni (chembe ya mwanga) basi, bila nyutrino hata moja, au igeuke chembe tatu za jamii ya elektroni. Hapo ukoo wa umuoni utakuwa umepotea bila mrithi.

Kanuni tulizonazo zinasema hilo karibu halitokei kabisa. Nimeweka "karibu" kwa sababu tangu kigunduzi cha Super-Kamiokande cha Japani kionyeshe mwaka 1998 kwamba nyutrino hubadilishana ukoo zikiwa safarini, tunajua daftari la koo lina mahali palipochanika. Lakini kwa muoni mpasuko huo ni mdogo mno: nafasi ni chini ya moja kwa namba yenye sifuri hamsini. Kwa hiyo zikionekana chache tu za kweli, kuna kitu katika maumbile ambacho vitabu vyako havijakiandika.

Jaribio la MEG II, mojawapo ya yale ya Uswisi, lilitoa mwaka 2025 kikomo chake kipya: kama muoni hugeuka elektroni na fotoni, haizidi mara 1.5 katika muoni trilioni 10. Trilioni tunazisikia kila Juni bungeni, basi tupime kwa hizo. Bajeti ya Serikali ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Kwa uwiano huo, unaambiwa ndani ya fedha zote hizo huenda kuna shilingi nane na senti kadhaa ambazo ni bandia, na kazi yako ni kuzitafuta. Wenzao wa Mu3e, wanaosaka zile chembe tatu, wanalenga kufikia moja katika trilioni elfu kumi. Hiyo ni shilingi moja katika bajeti kama 177.

Mwanangu, mimi nauza samaki Feri. Hizo muoni mnazosema zinatupita mwilini, hazidhuru? Na nikikaa chini ya bati?

Shikamoo mama. Zinakupita hata chini ya bati, hata ndani ya ghorofa la zege. Nyoosha kiganja kana kwamba unapokea chenji: kwa dakika moja zitapita kama mia. Ni sehemu ya mionzi ya asili ambayo binadamu ameishi nayo tangu awepo, na si ya kukukosesha usingizi.

Zinatoka juu sana, kilomita kama 15, pale chembe za angani zinapoigonga hewa. Ajabu yake ni hii. Kwa maisha ya mikrosekunde 2.2, hata zikikimbia kwa mwendo wa mwanga zingeishia mita 660 hivi. Ukitoka Sanamu ya Askari pale Posta, hapo hujafika kwenye kivuko. Zinafika mezani kwako kwa sababu kitu kinachokwenda mbio namna hiyo, saa yake hutembea polepole ukilinganisha na yetu. Einstein alilisema mwaka 1905, na muoni zinalithibitisha kila dakika juu ya sinia lako la changu.

Kama zinamwagika bure hapa, kwa nini mtu aende Uswisi?

Tupige hesabu. Weka kigunduzi cha mita moja ya mraba juu ya paa lolote pale Mlimani: utapata muoni kama 10,000 kwa dakika. Kukusanya trilioni 10 utasubiri takriban miaka 1,900. Katika taasisi ya Paul Scherrer, kijiji cha Villigen, mashine ya protoni huzitengeneza na kuzituliza ndani ya kibamba chembamba, makumi ya mamilioni kwa sekunde. Trilioni 10 zinatimia kwa siku chache tu. Kigunduzi hakizioni zote vizuri, ndiyo maana kazi inachukua miaka.

Kaka, mimi fundi simu Kariakoo. Nikiletewa kioo najua feki na orijino kwa kukigusa. Nyie chembe hamwezi kuzishika. Mnajuaje hii ndiyo yenyewe?

Hili ndilo swali la mwezi, fundi, na hapa ndipo pesa na akili zote zinakoishia.

Fikiria mirathi. Warithi wakiwa wawili tu na wenye haki sawa, kila mmoja anachukua nusu, wanaagana na kushika njia tofauti saa ile ile. Wakiwa watatu, mgawo hautabiriki. Muoni iliyotulia ikigeuka elektroni na fotoni, kila mmoja anaondoka na nishati ya elektronivolti milioni 52.8 (elektronivolti ni kipimo cha nishati za chembe), wanaelekea pande zinazopingana moja kwa moja, na wanaondoka kwa pamoja. (Huko wanatumia muoni chanya, kwa hiyo elektroni yenyewe ni positroni, pacha wake mwenye chaji chanya. Muoni hasi zingenaswa na atomu, na baadhi zingemezwa na viini vyake kabla ya kumaliza maisha yao.) Kwa hiyo vipo vigezo vitatu: nishati, uelekeo na wakati.

Feki inatoka wapi? Kwenye msongamano. Muoni hii inatoa positroni kwa njia ya kawaida, ile pale jirani inatoa fotoni, na kwa bahati mbaya vimeondoka karibu pamoja, kwa nishati inayokaribia, pande zinazokaribia kupingana. Ni sawa na konda anayeona mtu kashuka mlango wa mbele na mwingine wa nyuma kwa wakati mmoja, akaapa kwamba ni mtu na mkewe. Na ukiongeza muoni mara mbili, ndoa za bandia kama hizo zinaongezeka mara nne. Ndiyo maana huwezi kuongeza kasi tu ukatajirika. Lazima kigunduzi kiwe na jicho kali zaidi.

Jicho la MEG II kwa fotoni ni tangi la zenoni kimiminika, yaani gesi iliyopozwa hadi ikawa kama maji, takriban lita 900. Fikiria tangi la maji la lita 1,000 unaloliona juu ya nyumba za Sinza, ambalo halijajaa. Fotoni ikiingia, zenoni inametameta, na ukutani kuna vihisi vya silikoni zaidi ya 4,000 vinavyosoma huo mwanga kwenye baridi ya nyuzi 108 chini ya sifuri. Positroni inapinda ndani ya sumaku, na mpindo wake unasema ina nishati kiasi gani. Wakati wa wawili hao unalinganishwa kwa usahihi ulio chini ya sehemu moja ya bilioni kumi ya sekunde. Mwanga wenyewe, kwa muda huo, unasogea sentimita tatu.

Mu3e wana mzigo mwingine. Positroni zao ni za nguvu ndogo, zikigonga chochote kinene zinayumba na njia inapotea. Basi wameunda vipande vya silikoni vyenye unene wa mikromita 50, karibu na unywele, na kuvipoza kwa kupuliza gesi ya heli, kwa sababu mabomba ya maji yangekuwa ukuta. Wewe unayebadilisha vioo utanielewa: kifaa chembamba namna hiyo kinavunjika ukikitazama vibaya.

Hii ndiyo chembe ya Mungu?

Hapana. Hiyo ni Higgs, ilitangazwa mwaka 2012 katika maabara ya CERN, Ulaya. Muoni tunaijua tangu 1936.

Wanatafuta tangu lini, na mbona hawapati? Si hasara hiyo?

Tangu mwaka 1947 hivi. Hincks na Pontecorvo, wakiwa Kanada, walitumia muoni za angani na wakaweza kusema tu kwamba jambo hilo halifiki asilimia kumi. Kutoka hapo hadi kikomo cha leo kuna nadharia nyingi zilizozikwa, zikiwa na waandishi mashuhuri na hesabu nzuri, kwa sababu zilitabiri muoni ivunjike hivyo mara nyingi kuliko inavyoonekana. Kwangu mimi hilo ni pato. Msomaji ambaye anataka pato la mfukoni namwelewa pia, na sitamdanganya kwamba muoni itashusha bei ya sukari.

Nafundisha fizikia Temeke. Naweza kutengeneza kigunduzi na wanafunzi wangu?

Unaweza, mwalimu mwenzangu. Mradi wa CosmicWatch ulioanzia chuo cha MIT, Marekani, umeweka michoro wazi, na vifaa ni kama dola 100. Unahitaji kipande cha plastiki inayometa, kihisi kimoja cha silikoni, kibao kidogo cha kielektroniki na mtu anayejua kulehemu. Plastiki ya sentimita 5 kwa 5 itakupa muoni kama 25 kwa dakika.

Mimi nilitengeneza changu nyumbani. Siku tatu za mwanzo hesabu ilikuwa inapanda mara tatu kila mchana na kushuka jioni. Nilikwisha kuanza kuandika barua ya kujisifu kuhusu muoni za jua. Mke wangu ndiye aliyeuliza kwa nini kile kitambaa cheusi kimebenuka pembeni. Joto lilikuwa limelegeza gundi ya utepe, mwanga wa dirishani ukawa unaingia na mimi nauhesabu kama chembe. Hata baada ya kuziba, mchana kelele za kihisi ziliendelea kuwa nyingi kidogo, kwa kuwa silikoni ikipata joto huanza kujisemea yenyewe. Dawa yake ni kutengeneza viwili, uvipange kimoja juu ya kingine, na uhesabu tu kile kilichoonwa na vyote kwa pamoja.

Funga plastiki kwa karatasi ya alumini kwanza, halafu utepe mweusi matabaka mawili, na usikiweke karibu na dirisha la mashariki.