Doa Hilo Limetoka Wapi?

Wiki hii msomaji mmoja ameniuliza nilitumia rangi gani kwenye Sherman yangu, modeli ya kifaru cha Marekani cha Vita Kuu ya Pili, ile iliyotoka ya kwanza kwenye mashindano ya modeli juzi. Ya kwanza, ndiyo, tena kwenye kundi la vifaru vya 1/35, yaani vilivyopunguzwa mara 35 kuliko vya kweli, ambako ndiko wakali wanakojaa. Niacheni nitambe kidogo, nimeisubiri siku nyingi. Majina ya chupa nimemtumia. Ila akizinunua zote na kifaru chake kikaendelea kuonekana mdoli, asinilaumu.

Miaka ya nyuma jaji mmoja alisimama mbele ya kazi yangu, akaitupia jicho mara moja, akasema, "Hiki kimemwagiwa tope tu." Akapita zake. Hadi leo naona alinionea, na nikikutana naye salamu yangu huishia mdomoni. Lakini tangu siku ile sipaki doa bila kujiuliza limetoka wapi. Jaji aje hata na tochi, kila alama ina jibu.

Chukua minyororo ambayo kifaru hutembelea. Ya T-34, kifaru cha Wasovieti, ni chuma kitupu, kwa hiyo panapokanyaga ardhi panasuguliwa hadi panang'aa. Sherman nyingi zilikuwa na minyororo yenye pedi za mpira, na mpira hata ukitembea hadi Berlin haung'ai. Kinachong'aa pale ni viungio vya chuma vya pembeni. Watu wanapaka rangi ya fedha juu ya mpira! Ndege nako vilevile: mwili wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ni aloi ya alumini, na alumini haioti kutu nyekundu. Rangi ikichubuka, ionekane fedha, na ichubuke zaidi kwenye shina la bawa la kushoto, maana rubani hupandia upande huo.

Acheni kuabudu chupa, jamani. Tafuteni picha za gari lenyewe, si za modeli ya mwenzenu. Ukiiga modeli umeiga na makosa yake.

Mimi hupuliza akriliki, rangi ya maji, nikaiacha ikauke vizuri, kisha vanishi ya kung'aa. Hii usiiruke. Stika ikibandikwa juu ya rangi isiyong'aa hunasa hewa chini yake, na ikikauka hutoa ukungu wa fedha unaoonekana hata na mpita njia. Baada ya hapo ndipo ninapofaidi: enameli ya kahawia, rangi ya mafuta, iliyozimuliwa kwa thina hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi. Nagusisha ncha ya brashi kwenye ribiti moja tu, ule msumari wa kuunganishia mabati, na rangi inakizunguka kichwa chake yenyewe. Ikishakauka, nachovya brashi safi kwenye thina, naikausha kwenye kitambaa karibu yote, halafu naivuta kutoka juu kwenda chini, njia ambayo mvua ingepita. Thina ya enameli haili akriliki iliyokauka, ndiyo maana mpangilio ni huo.

Michubuko ya kifaru napiga kwa kipande cha sponji chenye kahawia iliyokolea, kwenye kingo za milango na panapokanyagwa na buti. Michache. Punguza tena.

Vanishi isiyong'aa hufunga kazi, isipokuwa mafuta yaliyomwagika kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Hayo yapake baada yake, maana yakifubazwa hayana tofauti na vumbi lililolowa.