Nasoma Usiku Kucha, Hakuna Kinachobaki Kichwani

SWALI: Shikamoo, mshauri. Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mtwara, na nyumbani kwetu ni Newala. Muhula uliopita nilipata sapu mbili, yaani masomo mawili ninayotakiwa kurudia mtihani, na sijathubutu kumweleza baba, ambaye hunilipia ada kwa fedha za korosho. Huu ni mwezi mzima silali, nakesha na madaftari bila kuambulia kitu, chakula hakipiti, na nikikaribia darasa moyo hunienda mbio. Rafiki yangu ananihimiza nimwone mshauri wa wanafunzi, lakini nachelea kuitwa mwendawazimu, au siri yangu kuwafikia wahadhiri. Nifanye nini?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenigusa, kwa sababu mzigo unaoubeba ni mkubwa na umeubeba peke yako.

Nianze na usingizi. Ubongo huyapanga na kuyahifadhi tuliyojifunza wakati tumelala. Kwa hiyo anayekesha mfululizo huyapoteza yaleyale aliyoyakeshea, kisha hudhani hana akili. Moyo kwenda mbio nao una sababu: mwili ukihisi hatari humwaga homoni ya adrenalini, ambayo hutuandaa kukimbia au kupambana, na kwako hatari hiyo imekuwa mlango wa darasa. Unapoukaribia, simama kidogo, vuta pumzi taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Hilo hutuliza mapigo, ingawa haliondoi chanzo.

Chanzo, kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, ni siri unayomficha baba kuliko sapu zenyewe. Sapu ina tarehe yake na maandalizi yake. Siri haina mwisho. Mzee aliyepuliza salfa mikoroshoni miaka yote anajua kwamba mkorosho ulioshambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga haukatwi, hutibiwa. Huenda akahuzunika, na huzuni hiyo ni haki yake, lakini usimhukumu kabla hajasikia. Ukishindwa kuanza naye, anza na mama au shangazi akutangulie.

Kuhusu mshauri wa wanafunzi, rafiki yako amekuambia kweli. Wengi wanaokwenda kwake wana shida kama yako: ada, mitihani, uchumba uliovunjika, msiba nyumbani. Maadili ya kazi yake yanamtaka atunze siri, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini, nawe una haki ya kumuuliza kabla hujaeleza lolote ni mambo gani yatabaki baina yenu.

Hata hivyo, mwezi mzima ni muda mrefu. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, kunahitaji kuchunguzwa na mtaalamu, kwani huweza kuwa sonona, maradhi yenye tiba. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, uulizie huduma ya afya ya akili, nao wakupime pia upungufu wa damu na tezi ya shingo, ambavyo navyo huweza kuuendesha moyo mbio. Iwapo wazo la kutaka kufa limekujia, usingoje miadi: mwambie rafiki yako usiku huohuo, asikuache peke yako, na akupeleke hospitali.

Ukifika kwa mshauri na maneno yakakukwama, mpe asome barua hii uliyoniandikia. Yote anayohitaji kuanzia yamo humo.