Ukihamia Brussels, anza na jina lako kwenye kengele ya mlango

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, mgeni akikuuliza unakaa wapi, humtajii namba ya nyumba. Unamwambia apande mtaa wa Kadutu, akifika sokoni aulize kwa Mama fulani, na mtoto wa kwanza atakayekutana naye atamfikisha mlangoni. Nilikwenda Brussels kusoma mwaka 2018 nikiwa na mazoea hayo, nayo yalinigharimu miezi minne. Wadogo zangu wanaojiandaa kuondoka huniuliza sana juu ya baridi, chakula na masomo, lakini mimi huwarudisha kwenye jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, nalo ni anwani.

Sheria ya Ubelgiji humtaka mwenye viza ya muda mrefu ajiandikishe kwenye komini, yaani manispaa, anayokaa ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia nchini. Brussels ina komini 19, kila moja na ofisi yake. Ukishajiandikisha, polisi wa mtaa huja nyumbani bila kukuarifu siku wala saa, ili ahakikishe kwamba kweli unaishi pale. Akiridhika, ndipo komini inaendelea na kadi yako ya ukaazi. Mimi bila kadi hiyo sikuweza kufungua akaunti ya benki, na kazi ndogo ya jioni niliyokuwa nimeahidiwa alipewa mwingine.

Chumba changu cha kwanza nilipangishwa na mtu ambaye naye alikuwa mpangaji. Kodi ilikuwa nafuu, ila alinikataza kuandika jina langu kwenye kengele na kwenye sanduku la barua, nami nikaona ni jambo dogo. Polisi alikuja, akatafuta jina, hakuliona, akaandika kwamba sikai pale. Barua ya kunijulisha nayo haikunifikia, maana mpeleka barua pia husoma jina lililo kwenye sanduku. Nilikuja kujua siku niliyokwenda mwenyewe komini kuuliza, na machozi yalinitoka mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, muulize mwenye chumba: je, nitaruhusiwa kujiandikisha kwenye anwani hii? Akisema mtaona baadaye, tafuta kwingine, hata kama bei inakuvutia. Hata ndugu wa kwetu uliyemkuta Matonge, mtaa wenye Wakongo wengi katika komini ya Ixelles, muulize vilevile. Heshima haikuzuii kuuliza. Dai mkataba wa maandishi wenye jina lako, ambao mwenye nyumba ana wajibu wa kuusajili. Fedha za dhamana huwekwa benki kwenye akaunti iliyofungwa kwa jina lako, wala hazitolewi taslimu mkononi. Siku ya kuingia, piga picha kila doa ukutani na kila ufa wa sinki, kwa sababu siku ya kutoka mtazikagua pamoja. Nawasihi pia msitume pesa kutoka Bukavu kwa ajili ya chumba mlichokiona kwenye picha tu. Kama una shangazi au rafiki kule, mwombe aende akakanyage sakafu yake.

Hati nazo zishughulikiwe kabla ya safari. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Kongo huhitaji kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje kule Kinshasa, kisha na ubalozi wa Ubelgiji. Ukisahau hilo, ni mama yako au kaka yako atakayehangaika kwa niaba yako, na kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni safari ya ndege. Tengeneza nakala kadhaa, na karatasi zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Kwenye chumba changu cha pili, jina niliandika kwa kalamu ya wino mzito na kulibandika kwa gundi ya karatasi kabla hata sijafungua mizigo. Polisi alifika wiki ya tatu, asubuhi na mapema. Alitazama kitanda, vitabu vyangu na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokuwa jikoni, akaniuliza kama ninapokea barua hapo, akasaini karatasi yake akiwa amesimama, akaenda.