Kete zinaisha katikati ya mashindano ya poka? Hesabu blaindi

Ndugu yangu, umesema kwenye mashindano madogo huko Nyali mnaanza na kete 10,000, blaindi (madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa) hupanda kila dakika 15, na baada ya saa mbili unakwisha ukingoja karata nzuri. Kungoja huko ndiko kunakokumaliza.

Gawanya kete zako kwa blaindi kubwa. Ukibaki na 6,000, blaindi zikiwa 300 na 600, una blaindi kubwa 10 tu. Hapo usifuate dau kwa kubahatisha: tia zote au tupa karata. Blaindi mbili na anti (mchango mwingine wa lazima) ya 600 ni 1,500, robo ya mali yako, nazo ni zako wengine wakitupa. Kitufe cha mgawaji (alama ya mwenye zamu ya kugawa) kikiwa mbele yako na waliotangulia wametupa, tia kwa pea yoyote au ree yoyote. Ukiwa wa kwanza kuamua, ngoja pea ya saba kwenda juu, au ree na ghulamu kwenda juu. Tamka “zote” kwanza. Ukisogeza kete kwa mafungu, huenda likahesabiwa fungu la kwanza pekee.

Mapema kwenye mashindano, wasiopenda kutupa karata hawadanganyiki kwa dau la kutishia. Ukiwa na mkono imara, weka dau kubwa.

Kiingilio kisitoke kwenye kodi ya nyumba. Ukianza kukopa ili ucheze, acha, umwone mshauri nasaha.