Diski ya nje haionekani kwenye kompyuta: maswali yenu

Swali: Nikichomeka diski yangu ya nje, taa inawaka lakini kompyuta haioneshi chochote. Imekufa?

Usiizike bado. Taa huwaka hata umeme ukiwa mdogo. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski ya sahani hutaka umeme mwingi hasa pale inapoanza kuzunguka. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kifaa cha kuongeza matundu. Kama kompyuta ni ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Kisha badilisha waya. Kuna nyaya za kuchajia tu, zisizopitisha data kabisa, na hata ulio mzuri hulegea kichwani. Ukiuchezesha kidogo diski ikatokea na kupotea, umeshampata mchawi.

Bado? Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc kisha bonyeza Enter; orodha ya diski itafunguka. Ukiiona humo bila herufi (kama E:), ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya uipe herufi isiyotumika.

Swali: Windows inasema lazima niifomati kwanza. Nikubali?

Usikubali! Kufomati ni kuiandaa diski upya kama tupu. Ghairi. Ujumbe huo maana yake Windows imeshindwa kusoma mpangilio wa faili; faili zenyewe aghalabu bado zimo. Je, diski ilikuwa ikitumika kwenye Mac? Ikiwa ilifomatiwa kwa APFS, mpangilio wa faili wa Mac, Windows haiisomi hata ikiwa nzima kabisa, basi irudishe huko. Kama sivyo, jaribu TestDisk au PhotoRec, programu za bure za kuokoa faili. Unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si ile ile, maana kila unachoandika juu yake chaweza kufuta unachokitafuta. Na chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, isubiri mpaka faili zitoke: inarekebisha mpangilio, haijali picha zako.

Swali: Yangu inalia tik-tik. Rafiki anasema niiweke kwenye friza.

Tafadhali, hapana. Ikitoka humo hushika unyevu ndani. Mlio huo mara nyingi ni vichwa vya kusomea vinavyoshindwa kazi, na kadiri inavyozunguka ndivyo vinavyoweza kukwaruza sahani. Chomoa sasa hivi. Kama kilichomo hakina nakala kwingine na unakihitaji kweli, mpelekee fundi wa kuokoa data mwenye chumba kisicho na vumbi, na usikubali aifungulie mezani.

Swali: Mac inaisoma, lakini haikubali kuhifadhi kitu.

Huenda hiyo ni NTFS, mpangilio wa faili wa Windows; Mac huisoma tu. Nakili faili zote kwingine, hakikisha zinafunguka, ndipo uifomati kwa exFAT, mpangilio unaokubaliwa na Mac na Windows.